Mikono ya Kushoto

Lango la karakana lilikuwa limepandishwa nusu tu. Ni lile lango la bati linalojikunja juu kama mkeka, na asubuhi ile mwenye karakana alikuwa bado anahangaika na kufuli la upande wa pili. Mjukuu wangu hakusubiri. Aliinama, akapita, akainuka mapema mno, na ukingo wa chuma ukampata utosini. Hakuanguka. Hakuzimia. Hata tone la damu halikutoka. Wenzake walicheka, naye akacheka, na yule mwanamke wanayemwita Kelele akapaza sauti mpaka barabarani: "Jamani, mpeni pole lango! Limekutana na kichwa kigumu!"

Naanza na kicheko hicho kwa sababu watu wakiniuliza mjukuu wangu alipata ajali gani, nikiwaambia aligonga kichwa langoni, hunitazama kama nimewapunja. Wangependa niseme gari, au kuanguka ghorofani. Lango! Nani hajagonga kichwa langoni?

Siku ile alifanya kazi mpaka jioni. Alirudi nyumbani akasema kichwa kinamwanga kidogo, akanywa chai, akalala. Kesho yake alipojaribu kuinuka kitandani chumba kilimzunguka, akatapika kwenye ndoo ya kudekia.

Hospitalini tulipata daktari kijana, mpole. Alivuta kiti akakaa chini, wakatazamana macho kwa macho, hakumsemesha akiwa amemsimamia. Nililiona hilo, nikampenda. Alipiga picha ya kichwa, akaitazama kwa muda mrefu.

"Picha ni safi," alisema. "Hakuna damu ndani, hakuna ufa. Ni mtikisiko wa ubongo. Utatulia wenyewe. Apumzike kidogo, kisha arudi kwenye shughuli zake pole pole."

"Utatulia lini, daktari?" mjukuu wangu aliuliza.

"Wengine wiki, wengine miezi. Kila kichwa na mwenyewe."

Alisema mengi, lakini sisi tulirudi nyumbani na maneno matatu tu: picha ni safi. Na maneno hayo ndiyo yaliyotutesa. Mtu aliyevunjika mguu hubeba ushahidi wake, kila anayemwona humpisha. Mjukuu wangu alikuwa na kidonda ambacho hata mashine ya hospitali ilisema hakikuwepo.

Mwanga ulimchoma. Siyo jua peke yake, hata ule ufito wa mwanga unaopita chini ya mlango. Kijiko kikigonga kikombe, alijikunja kama aliyepigwa. Harufu ya sabuni ya kufulia ilimtia kichefuchefu. Akisoma, mistari ilimrukaruka. Na maneno yalimtoroka. Siku moja alinionyesha blauzi yangu akasema, "Bibi, imedondoka ile... ile ya kufungia." Alihangaika, akapigapiga vidole. "Ile ya duara!"

"Kifungo," nikamwambia.

Alinitazama, machozi yakamjaa. Huyu ni mkataji wa nguo, tangu ana meno ya utoto anacheza na vifungo vyangu. Kifungo kilikuwa kimempotea kichwani.

Tunaishi watatu: mimi, yeye, na mama yake ambaye ni binti yangu. Binti yangu anafanya kazi ya mapokezi kwenye ofisi moja mjini. Kutwa nzima anawatabasamia watu wasiomtabasamia, na akirudi jioni tabasamu limekwisha. "Picha ni safi, mwanangu," alikuwa akimwambia mwanzoni kwa kumfariji. Baadaye alilisema hilohilo kwa namna nyingine. "Picha ni safi. Sasa mbona huamki?" Lakini mtoto akishalala, nilimwona akikaa mwisho wa kitanda, akimkanda nyayo taratibu. Mwenyewe hajui kwamba nilimwona.

Basi sisi tuliompenda tukaanza kumnyamazia. Nilitundika blanketi dirishani. Nilitoa betri kwenye saa ya ukutani, maana alisema inamtembea kichwani kwa viatu. Vijiko nilivifunga vitambaa. Jirani wa juu ni seremala; nilipomweleza, alihamishia misumari yake yote kwa shemeji yake na akaanza kutembea ndani kwa soksi. Mama wa mlango wa pili alizima redio yake, na nyumba ya mwanamke yule bila redio ni kama kuku bila mabawa. Hakuna aliyelalamika. Nyumba yetu ikawa kama ya msiba, ila marehemu alikuwa anakula.

Alizidi kufifia kwenye giza lile. Tukasema bado hajapumzika vya kutosha.

Sasa inabidi nieleze kazi yake, ili kilichofuata kieleweke.

Karakana ile inashona sare na makoti. Mkataji anasimama mbele ya meza ndefu, na mwenzake anashika ncha nyingine ya kitambaa. Wanakitandaza tabaka juu ya tabaka, kisha mkataji anaweka kielelezo cha karatasi ngumu juu yake na kukata matabaka yote kwa pamoja. Mkasi wenyewe ni mkubwa, mzito, na ni wa mtu binafsi. Hauazimwi. Kila mkataji huutundika wake msumarini pembeni ya meza yake, na siku anapoacha kazi huondoka nao. Mkasi ukiachwa mezani bila mwenyewe, wote wanajua mwenyewe amekwisha.

Kitambaa kizuri kina uso na mgongo, kama mtu. Uso ndio wa kuonekana nje. Ukitandaza tabaka moja uso juu, na la pili mgongo juu, ukikata mkono wa koti unapata wa kushoto na wa kulia kwa mara moja. Ukisahau kugeuza, unapata mikono ya upande mmoja tu. Ndiyo maana karakana ile ina desturi yake. Mkataji akivuta tabaka la kwanza anaita, "Uso!" Mwenzake wa upande wa pili anageuza linalofuata na kujibu, "Mgongo!" "Uso!" "Mgongo!" Ukipita nje asubuhi unawasikia kama watoto wanaoruka kamba. Mwenzake mjukuu wangu kwenye meza ile ni Kelele, na nadhani mnaweza kukisia alivyokuwa akijibu.

Mwenye karakana alituma salamu. Si mtu mbaya. Lakini kulikuwa na kazi ya makoti ya shule, ya bluu iliyokolea, na shule inakaribia kufunguliwa. "Mwambie nampenda kama binti yangu," alimwambia Kelele atufikishie, "lakini meza haiwezi kukaa bure. Aje hata asubuhi tu, nione kama anaweza. La sivyo itabidi nitafute mkataji."

Mjukuu wangu alikaa kitandani akaomba viatu.

"Wewe mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita tangu mdogo, "hata kufika mlangoni unashika ukuta."

"Nitashika ukuta mpaka karakana, Bibi. Ile meza nikiikosa, nitabaki nani?"

Nilimpeleka mwenyewe. Alivaa miwani myeusi, akaziba masikio kwa pamba, akanishika mkono kama zamani nilivyomshika yeye kwenda shule. Kila pikipiki iliyopita ilimpitia mwilini. Tulipofika lango lilikuwa limepandishwa juu kabisa, na mwenye karakana alikuwa ameufunga ukingo wake kwa matambara mazito, yameshonwa vizuri kabisa kama kola.

Ndani, jamani, nilitaka kulia. Cherehani zilizokuwa karibu na meza yake walikuwa wamezisogeza ukutani. Taa ndefu ya juu ya kichwa chake ilikuwa imezimwa. Washonaji walikuwa wakiongea kwa ishara, wakichekacheka bila sauti, na Kelele, mwanamke ambaye salamu yake inasikika mtaa wa pili, alikuwa amejifunga kitambaa mdomoni kama mwizi. Alinipigia goti kunisalimu bila neno. Nilikaa kwenye kigoda karibu na lango nikawatazama wakitandaza. Mjukuu wangu ncha hii, Kelele ncha ile, kitambaa cha bluu kikienda na kurudi kimya kimya kama maji. Sijaona kitu kizuri kama kile. Alikata mikono ya makoti asubuhi nzima. Jasho lilimtoka, midomo ilikuwa myeupe, lakini alikata. Tuliporudi nyumbani alisema, "Bibi, nimeweza." Kisha akalala na viatu.

Siku mbili alikwenda hivyo. Siku ya tatu mikono ilifika kwa washonaji.

Nilikuwepo kigodani. Mshonaji mmoja, mama mtu mzima, alichukua mkono akaulinganisha na kiwiliwili cha koti. Akachukua mwingine. Akachukua wa tatu. Akamgusa wa pembeni yake.

"Nipe wa kulia."

"Huo si wa kulia?"

"Wa kushoto huu."

"Huu je?"

"Wa kushoto."

Walipekua rundo lote. Mmoja wao, aliyekuwa hajaelewa ukubwa wa jambo, akanong'ona kwa kicheko: "Hiyo shule ina wanafunzi wa aina gani? Wote wana mikono miwili ya kushoto?" Hakuna aliyecheka naye. Vichwa viligeuka, kimoja kimoja, kuelekea mezani.

Mjukuu wangu alikuja mwenyewe. Alivua miwani. Alichukua mkono mmoja akausogeza karibu na pua, akaupapasa kwa kidole gumba, uso na mgongo. Akachukua mwingine, na mwingine. Nilimwona akielewa. Mwenye karakana alisogea akaweka kiti nyuma yake kabla hajasema lolote, na aliposema alisema kwa sauti ya chini.

"Kaa, binti."

"Sikai, bosi."

"Ni yote?"

"Ni yote. Sikugeuza hata tabaka moja."

Alijikuna shingo kwa muda. "Kitambaa nitaagiza kingine. Lakini meza... utanisamehe. Wiki ijayo nitamweka mwingine. Nenda ukapone. Ukipona, tutazungumza."

"Na nisipopona?"

Aliokota mkono mmoja wa kushoto, akaukunja, akaurudisha rundoni. Nami sikumlaumu, maana jibu hilo hata daktari hakuwa nalo.

Mjukuu wangu alirudi mezani. Nilidhani anakwenda kuchukua mkasi wake. Aliutoa msumarini, akaulaza katikati ya meza, akaupangusa kwa kiganja, akauacha. Akatoka. Alipofika langoni aliinama sana, ingawa lango lilikuwa juu kabisa.

Kuanzia hapo sikujua nifanye nini naye. Alijifunika shuka mpaka kichwani. Chakula alikirudisha kama kilivyokwenda. Nikiingia na maji alikunywa ili niondoke. Binti yangu alipopata habari hakugomba; alikaa pembeni ya kitanda na mkoba bado begani, akatafuta la kusema.

"Mwanangu, wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Sauti ilitoka chini ya shuka. "Koleo likivunjika, mama, mhunzi anatafuta jingine. Akivunjika mhunzi je?"

Binti yangu alitoka chumbani akasimama jikoni, akafungua bomba la maji, akalifunga. Akaniambia, "Mama, mimi sijui tena. Kama ningeona donda ningelifunga."

Siku moja mtoto aliniita. Nilifurahi, nikadhani ana njaa. Alikuwa ameketi gizani, ameshika kichwa kwa mikono miwili kama mtungi unaovuja.

"Bibi, hiki kichwa si changu. Changu kilibaki pale langoni."

"Kitarudi, mama."

"Msiniambie kitarudi! Kila mtu ananiambia kitarudi. Nikikata vibaya kwa sababu naumwa, hilo naelewa. Lakini mimi sikuhisi chochote. Nilikata mkono baada ya mkono nikijua nakata vizuri. Sasa nitajuaje kingine ninachokiharibu sasa hivi? Natamani nikivue, Bibi. Nikivue nikiweke pale, nipumzike."

Tangu siku hiyo nilihamishia kigoda changu chumbani kwake, na nilipokwenda hata bafuni niliuacha mlango wazi. Nilirudi peke yangu hospitalini, nikamsubiri yule daktari mpole mpaka akapata nafasi, nikamweleza yote, na hayo maneno ya kuvua kichwa nikayasema. Aliweka kalamu chini.

"Bibi, msimwache peke yake, na kesho mniletee nimwone. Anayeumwa kichwa hivi na moyo wake pia unaumwa. Na hilo blanketi dirishani," akauliza, "lina muda gani?"

"Tangu mwanzo."

"Litoeni kidogo kidogo. Ubongo unahitaji kupumzika, lakini hauhitaji kuzikwa. Mwanga kidogo, sauti kidogo, kutembea kidogo. Vikimzidi, apumzike, kisha ajaribu tena."

Nilirudi nyumbani nikiwaza jinsi tulivyofanya kazi kubwa kumzika. Nilipojaribu kusogeza blanketi alipiga kelele kama nimemmwagia maji ya moto. Nikalirudisha. Nilikuwa nimechoka, nasema kweli. Nilikaa kigodani nikalia kimya kimya, na kulia kimya nilikuwa nimeshakuzoea katika nyumba ile.

Mlango ukabishwa. Si kubishwa, kukwaruzwa kwa ukucha, kama panya. Nilipofungua, Kelele alikuwa amesimama kizani kwenye ngazi, kitambaa shingoni, na furushi kwapani.

"Shikamoo, Bibi," alinong'ona. Mnong'ono wake ni kama sauti ya mtu mwingine anapoongea.

"Marahaba, mwanangu. Hali yake si nzuri."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Nikikaa na jambo hili siku nyingine moja nitapasuka, na mimi nikipasuka mnajua mtaa mzima utasikia."

Aliingia chumbani, akakaa sakafuni karibu na kitanda. Kwanza alifungua furushi. Akatoa mkono mmoja wa koti, wa bluu, umeshonwa ncha zote na kujazwa vipande laini vya nguo mpaka ukawa mto mrefu wa shingo.

"Shoga, hii ni zawadi ya karakana. Ni mkono wa kushoto. Tunayo mingine, ukoo wenu mzima utalalia mito mpaka wajukuu."

Shuka lilivutwa likabana zaidi. Kisha, "Mmekuja kunicheka."

"Nimekuja kuungama. Kaa unisikilize, maana kunong'ona kunaniumiza koo." Kelele alikivua kitambaa chake shingoni. "Ile asubuhi ya kwanza. Ulivuta tabaka la kwanza. Uliita?"

"Sikumbuki."

"Hukuita. Sisi tulikuwa tumekubaliana hakuna kupaza sauti, ukatukuta kimya, nawe ukanyamaza. Ukavuta tu. Mimi nilikuwa na kitambaa mdomoni. Ulipovuta la pili nikajua hapa ndipo ninapogeuza na kusema mgongo. Miaka yote nasema mgongo. Nikafikiri, nikisema nitamuumiza kichwa. Nikasubiri unipe ishara. Nawe umevaa miwani myeusi, kitambaa cha bluu iliyokolea, taa imezimwa, huoni uso wala mgongo. Hukunipa ishara. Nikasema moyoni, mwenyewe anajua kazi yake, labda leo ana mpango mwingine. Nikashika ncha nikavuta. Tabaka baada ya tabaka, shoga, mimi nikivuta kama punda."

Shuka lilishuka mpaka kidevuni.

"Hukugeuza," mjukuu wangu alisema polepole.

"Kugeuza ni kazi yangu. Si yako. Tangu lini mkataji anageuza? Wewe unaita, mimi nageuza. Nilimwambia bosi leo. Akasema hata yeye aliona hatuiti, akaona ni adabu."

Nilingoja mtoto afurahi. Hakufurahi. Aliketi, uso umemvimba, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aumie.

"Kwa hiyo mlinihurumia mpaka nikafukuzwa!"

"Ndiyo," Kelele akasema.

"Nimelala hapa siku zote hizi najua nimekuwa mwendawazimu!"

"Ndiyo, shoga. Nipige. Nipige kichwa tuwe sawa."

Kitu kilimtoka mjukuu wangu, nusu kicheko na nusu kilio, na mara akashika kichwa, maana hata kicheko kilimuuma. Kelele alimsogezea mto wa mkono wa kushoto, naye akaulalia. Kisha Kelele akatoa kitu cha mwisho kwenye furushi, kimefungwa kitambaa. Mkasi.

"Hakuna aliyeugusa," alisema. "Ulikaa pale mezani watu wakiupita mbali kama nyoka. Nimeuleta mimi. Na nimeleta kielelezo, na kitambaa kidogo."

"Siwezi."

"Sijasema unaweza. Nimesema nimeleta."

Mjukuu wangu alinitazama. "Bibi, sogeza blanketi. Kidogo."

Nilisogeza upana wa kiganja. Alifumba macho, akapumua, akayafumbua. Akashuka sakafuni kwa magoti. Kelele alishika ncha ya pili. Kitambaa kikatandazwa juu ya saruji, na mjukuu wangu akafungua mdomo, na neno halikuja. Niliona linavyomtoroka. Nilitaka kumsaidia, nikajiuma ulimi.

"Uso," alinong'ona.

Kelele akageuza. "Mgongo."

"Uso."

"Mgongo."

Alikata. Mkasi ulitetemeka mwanzoni, ukanyooka kwenye mviringo wa bega, ukatetemeka tena mwishoni. Hakumaliza hata kuuweka chini; rangi ilimtoka, akainamia ndoo, akatapika, akajilaza pale pale sakafuni, shavu kwenye saruji ya baridi. Nilirudisha blanketi. Kelele alitenganisha vipande, akavipapasa kizani kwa kidole gumba, akajivika kimoja mkono huu na kingine mkono ule.

"Kushoto," alisema. "Kulia."

Mjukuu wangu alilala hapo muda mrefu, amefumba macho. Nilidhani amesinzia. Kisha akasema, "Mwambie bosi meza ampe huyo mwingine."

"Lakini nimekwambia anajua sasa, anaweza..."

"Ampe. Umeona mwenyewe. Mikono miwili tu na nimeanguka. Siwezi makoti ya shule nzima. Ampe." Alinyoosha mkono akapapasa sakafu. "Mkasi nabaki nao."

Kelele alimwekea mkononi. Alipoondoka alinikumbatia ngazini, akataka kusema kitu, akashindwa kukisema kwa sauti ndogo, akaenda zake.

Mkasi umetundikwa msumarini juu ya kitanda chake sasa. Mkataji mwingine yuko mezani. Kwa daktari tunakwenda, yeye na mimi, kwa miguu, tukipumzika kwenye kila ukuta wenye kivuli. Kichwa bado kinauma. Kifungo anakikumbuka, lakini juzi amepoteza ufagio. Mama yake amerudisha betri kwenye saa, nayo inatembea, na mtoto anakunja uso, anasema iacheni.

Blanketi nalisogeza kila asubuhi, kidogo kuliko anavyoogopa. Naingia, nashika pindo lake, na kabla ya kulivuta nasema kwa sauti ya chini, "Uso." Siku zikiwa nzuri anajigeuzia ukutani, anajifunika, anajibu, "Mgongo." Hapo najua yupo.

Siku nyingine hajibu. Nasimama na blanketi mkononi, sivuti wala siachii, namsubiri.